Nataka kumzungusha mwanangu mjini Dar kabla hajaanza darasa la kwanza, nipite wapi?

Mama Rehema
Habari zenu wadau. Binti yangu ana miaka 6, Januari anaanza darasa la kwanza. Tunakaa Kimara, na Posta anaijua kwa kupita tu akiwa ndani ya gari. Nataka siku moja nimtembeze, mabasi ya mwendokasi na miguu, basi. Nipite njia gani, tutoke saa ngapi, na nini huharibu matembezi ya mtoto wa umri huu? Kivuko cha Kigamboni lazima kiwemo, halali bila kukitaja.

Mkazi wa Kivukoni
Mama Rehema, nendeni Jumapili asubuhi. Mtaa wa Samora huwa kimya siku hiyo, mtoto anaweza kusimama na kutazama bila kusukumwa. Pandieni Kimara Mwisho, ndiko gari linakoanzia, mtapata kiti. Muulize mhudumu kama gari ni la kusimama kila kituo au ekspresi, maana ekspresi huruka vituo. Mshuke Posta ya Zamani.

Hapo hapo kuna kanisa la Azania Front, lile lenye mnara na vigae vyekundu, la tangu enzi za Wajerumani. Pandeni juu hadi sanamu ya Askari. Ilisimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na kibao chake kina maandishi ya Kiswahili. Kwa mtoto anayeanza kusoma hilo ni zoezi zuri kuliko maelezo yoyote, mwache ahangaike na silabi. Mwonyeshe pia kwamba singe ya bunduki imeelekea bandarini, ajue bahari iko upande gani.

Kisha fuateni Samora hadi bustani ya mimea, mpumzike kivulini, halafu Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Beba kitambulisho, kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni. Anzeni na magari ya zamani ya viongozi, ndiyo yanayowavuta watoto, halafu ukumbi wa chimbuko la binadamu wenye habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Dakika 45 zinatosha. Ukiongeza, ataanza kulia njaa na utadhani hapendi makumbusho, kumbe kachoka. Kabla ya kutoka aende chooni, kwa sababu mbele choo safi ni cha kutafuta.

Kutoka hapo teremkeni Kivukoni. Upande wa Ikulu simu ibaki mfukoni, msipige picha.

Kivuko kiwe kabla ya saa 7 mchana. Baadaye wanaokwenda fukwe za Kigamboni hujazana. Nauli ya mtu wa miguu ni shilingi 200. Geti likifunguliwa watu hukimbia. Nyinyi simameni pembeni wimbi la kwanza lipite. Mshike kifundo cha mkono, vidole vyenye jasho huponyoka. Ndani kaeni mbali na magari, na mkifika ng'ambo msishuke katikati yake, dereva wa lori hamwoni mtoto aliye chini ya boneti. Kuvuka hakuzidi dakika 10, kisha mgeuze mrudi.

Kurudi nyumbani pandieni kituo cha Kivukoni chenyewe. Ukisubiri Posta ya Zamani gari linaweza kufika limeshajaa.

Baba Kulwa na Doto
Hapo juu umeambiwa vizuri. Naongeza mambo ya mwili. Joto la Desemba na Januari si mchezo: kofia, maji nusu lita kwa mtoto, na mwe mmekaa kivulini saa 6. Asivae viatu vipya vya shule, ngozi ngumu humchubua kisigino kabla hajafika Askari. Hivyo vya shule avizoee nyumbani akiwa na soksi, saa moja moja kwa siku.

Mvua ikiwa imenyesha usiku, ulizia kwanza. Mto Msimbazi ukifurika Jangwani, mwendokasi husitishwa na mnaweza kukwama upande wa mjini. Ahirisha tu.

Na tafadhali, Kariakoo ya kununua sare isiunganishwe na siku hii. Umati wa mwisho wa mwaka pale unameza hata mtu mzima.

Mama Rehema
Asanteni sana. Kijiji cha Makumbusho je, kiingie siku hiyo hiyo?

Mwalimu wa awali
Hapana dada, kipe siku yake. Kiko Barabara ya Bagamoyo, na raha yake ni kuingia ndani ya nyumba zenyewe: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo. Mtoto aliyechoka haingii, anakaa mlangoni.

Ombi langu: tumia safari hii kumfundisha kuvuka Morogoro Road, maana kukariri "kushoto, kulia" hakutoshi pale. Kuna magari ya kawaida, halafu njia za mwendokasi za pande zote mbili, halafu magari tena. Watoto huvuka sehemu ya kwanza, wakaona katikati kweupe, wakakimbia. Basi la mwendokasi halina foleni mbele yake, linakuja kwa kasi. Mfundishe kusimama upya na kutazama upya kila anapofika kisiwani, yaani pale pa kusimama katikati ya barabara. Penye daraja la watembea kwa miguu, juu kila mara, hata kama watu wazima wanakatiza chini.

Njiani akariri namba yako kwa mafungu: tarakimu 4, kisha 3, kisha 3. Akipotea asitembee, asimame pale pale au amwendee mhudumu mwenye sare. Karatasi ya namba iwe mfukoni mwake. Jina usiliandike nje ya begi, mtu asiyemjua akimwita kwa jina atamfuata.

Wiki moja kabla ya shule kufungua, mpitishe njia ya shule kwa saa ile ile atakayokuwa anatoka, saa 12 na nusu asubuhi kama ndivyo. Njia ya saa 4 na ya alfajiri ni njia mbili, kwa mwanga na kwa bodaboda.