Hirizi za Misri ya kale: ipi ilikaa wapi mwilini?

Mwl_Ujiji: Wadau, salamu. Kidato cha pili wanafinyanga nakala za hirizi za Misri ya kale kwa maonyesho ya shule. Tumechora umbo la maiti kwenye kadibodi ili kila hirizi iwekwe mahali pake. Tuna dundu, jicho la Horus (mungu mwenye kichwa cha kozi), djed (nguzo, alama ya uthabiti) na fundo la Isis, mungu wa kike aliye mama yake Horus. Ipi inakaa wapi, kwa rangi gani? Na Heka ni mungu au ni uchawi wenyewe?

Mnyanyembe: Anza na dundu, ndiye anayekosewa zaidi. Dundu wa moyo si yule mdogo wa pete. Ni wa jiwe la kijani, mkubwa wa kujaza kiganja, na anakaa kifuani. Maandishi huchongwa tumboni, upande ulio bapa, si mgongoni. Ni sura ya 30B ya Kitabu cha Wafu, yaani maneno ya kumlinda marehemu huko aendako: marehemu anausihi moyo wake usimgeuke ukatoa ushahidi dhidi yake mbele ya mizani ya hukumu, unapopimwa. Ndiyo maana moyo uliachwa mwilini, huku ini, mapafu, tumbo na utumbo vikitolewa.

Djed ni ya dhahabu, kooni (sura ya 155). Fundo la Isis ni yaspi nyekundu, kooni pia (156). Maelekezo ya zote mbili yanataja gome la ndani la mkuyu, mti huuhuu wa kwetu.

Jicho liwekeni ubavu wa kushoto wa tumbo, juu ya tundu walilopasua wapakaji dawa. Msisahau mstari unaoshuka wima chini ya jicho na ule mkia unaojikunja kwa nyuma. Hayo ni madoa ya uso wa kozi. Mkiyaacha mmechora jicho la mtu tu.

Mwl_Ujiji: Asante sana mkuu. Ile bluu inayong'aa ya hirizi za Misri tunaweza kuipata kwenye jiko la mkaa?

Bangwe: Hapana, pakeni rangi. Ile si udongo wa mfinyanzi. Ni mchanga wa kwatzi uliosagwa, chokaa kidogo, magadi au majivu ya mimea, na shaba ya kuleta rangi, kisha moto wa nyuzi 800 hadi 1000. Kinyago kikikauka, chumvi hutoka ndani na kuganda juu kama unga mweupe, na huo ndio unaoyeyuka kuwa kioo. Ukikishika kwa vidole kabla ya kuchoma, unga unafutika na pale panabaki kipara.

Kwa udongo wenu, toboeni tundu la uzi kwa spoku ya baiskeli ukiwa umeanza kukaza ila bado una unyevu. Ukishakauka unapasuka. Tundu liwe pana kidogo, udongo husinyaa. Anikeni kivulini.

Mama Gungu: Heka ni vyote viwili: nguvu yenyewe, na mungu anayesafiri katika mashua ya jua. Hirizi bila maneno ya heka ilihesabika nusu.

Ongezeni jiwe la Horus mtoto: amesimama juu ya mamba, mikononi nyoka na nge, juu yake uso wa Bes, mungu kibeti mlinzi. Maji yalimwagwa juu ya maandishi, yakakingwa, akanywa aliyeumwa na nge. Anayejua kombe, maandishi ya dawa yanayooshwa kwa maji yakanywewa, ameshaelewa, ila kombe wino unaoshwa ukaisha. Jiwe lilitumika tena na tena.

Na Taweret, mungu wa kike mwenye umbo la kiboko, mpeni miguu ya simba na mgongo wa mamba. Mkimfinyanga kiboko mtupu, atakuwa wa mto Malagarasi.