Kisanduku cha mbao cha maua ya mezani: niache mpini au niutoe?

fundi_cherehani_moro
Wakuu habari, na shikamooni wakubwa. Kazi yangu ni cherehani, hapa Morogoro. Mbao nimeanza kuzishika mwezi huu kwa sababu ya sendofu ya mdogo wangu. Tuna meza 14. Mpambaji alipotaja bei, mama alinyamaza mpaka chai yake ikapoa. Nikasema basi, maua tutanunua, vyombo vyake natengeneza mwenyewe: visanduku vya mbao vyenye sura ya kizamani, kama kasha la seremala la kubebea nyundo, ndani napanga chupa tupu za jamu zenye maji.

Cha kwanza nilimaliza Jumapili. Mbao mpya za msonobari, urefu sm 40, kila ncha nimesimamisha kipande cha sm 30 chenye tundu, katikati nikapitisha mpini wa fagio. Kufika Jumatano ubavu mmoja umepinda kama ndizi, na ncha zote zimepasuka pale nilipopigilia misumari. Maua nayo yanagonga mpini, yanalala upande upande. Nilikaa huku, mdogo wangu kule, tukawa tunachunguliana kama watu wa dirishani.

Niutoe mpini? Kupasuka nazuiaje? Na mbao za paleti, zile chaga za kupakilia mizigo, zinafaa kwenye meza ya chakula?

baba_randa
Marahaba binti. Ubao wako ulikuwa mbichi, hapo hujakosea wewe, kakosea aliyekuuzia. Siku nyingine uweke shavuni: ukiusikia wa baridi kuliko mbao nyingine za palepale, bado una maji. Kwa kuwa siku hazikusubiri, paleti kuukuu ni bora, zimeshakauka na kupinda kwake kumekwisha.

Kupasuka: msumari wenye ncha kali unaingia kama kabari. Ugeuze, kichwa kikae juu ya jiwe, gonga ncha iwe butu. Butu inaponda nyuzi badala ya kuzitenga. Tena ulipigilia ukingoni kabisa. Visukume vile vipande vya ncha viingie ndani, mbavu zichomoze sm 2 kila upande, msumari upate nyama ya kushika. Gundi kwanza, msumari baadaye.

Mpini utoe. Mimi ni mtu wa Tanga, kwetu kamba ya katani haiombwi: toboa matundu mawili kila ncha, pitisha kamba, funga fundo kwa ndani. Ncha zako sm 30 ni za nini? Sm 15 zinatosha.

kibarua_bandarini
Dada, kwenye paleti tafuta mhuri wenye picha ya suke la ngano. Ukiona herufi HT, ubao ulipashwa moto, nyuzi joto 56 kwa dakika 30 mpaka ndani ya kiini. MB ni gesi ya sumu ya kuua wadudu, hiyo acha. Isiyo na mhuri, au yenye madoa ya mafuta, acha pia, hujui ilibeba nini.

Usizing'oe kwa mtaimbo, nusu zitavunjika. Misumari ya paleti imesokotwa. Ingiza jino la msumeno wa chuma katikati ya mbao mbili, kata msumari, kichwa kibaki humo humo. Vile vichwa vyenye kutu ndiyo urembo wenyewe.

mzee_wa_bajeti
Meza 14? Kodi tu glasi, ulale.

fundi_cherehani_moro
@mzee_wa_bajeti glasi za kukodi ikivunjika moja nalipa mimi. Endelea kulala wewe.

Baba, nimepiga hesabu kama ya kitambaa. Nje sm 40, nikitoa michomozo na unene wa mbao za ncha nabaki na sm 32. Chupa zangu zina upana wa sm 7 na nusu, zinaingia nne. Ubao wa paleti nilioupata una urefu wa sm 120 na upana wa 10: unatoa mbavu tatu, kasoro kinacholiwa na meno ya msumeno. Kwa visanduku vyote nahitaji mbao kama 20, nimechukua 23. Tatizo ni rangi: nyingine nyeupe, nyingine za kijivu.

maua_tengeru
Loweka kwenye siki ule waya laini wa kusugulia sufuria, siku mbili. Uwe ule unaoshika kutu. Wa kung'aa hautafanya kitu. Usikaze kifuniko, kuna hewa inatoka. Msonobari peke yake hauitikii vizuri, kwa hiyo upake kwanza chai ya rangi iliyokolea, uache ukauke, ndipo upake siki. Unageuka kijivu huku unatazama. Jaribu kwenye kipande cha kutupa, kwa sababu huwa unakolea zaidi kesho yake.

Chini tandika nailoni nzito, chupa hutoka jasho. Maua yasizidi kidevu cha mtu aliyekaa. Na mashina yakate asubuhi ya shughuli, majani yasiguse maji. Hapo wengi wanaharibu, halafu wanalaumu waridi.

fundi_cherehani_moro
Nimejaribu chai na siki jana usiku. Asubuhi mama kauliza nimeokota wapi mbao za nyumba iliyobomolewa! Misumari butu: ncha nane, imepasuka moja, na hiyo ilikuwa na kifundo.

Kile kilichopinda mama amekichukua na mpini wake. Kiko jikoni, kina vitunguu. Baba_randa, kamba ya katani unene gani? Dukani wana ya kidole kidogo na ya kidole gumba.

baba_randa
Kidole kidogo. Hiyo nyingine ni ya kufungia ng'ombe.