Siku moja ya treni kutoka Tokyo: Kamakura, Nokogiriyama au Matsushima?

Msafiri_Tanga
Habari zenu wakuu. Mwisho wa Novemba nitakuwa Tokyo kwa mafunzo ya kazi, malazi yangu yako karibu na stesheni ya Shinagawa. Mafunzo yakiisha nabaki na siku moja ya kujitawala, Ijumaa au Jumamosi, kuchagua ni kwangu. Nataka hekalu la zamani na bahari siku hiyohiyo, na niende kwa treni. Basi la watalii na mtu wa kutangulia na kibendera sitaki.

Nimebaki na majina matatu: Kamakura pamoja na kisiwa cha Enoshima, au Nokogiriyama upande wa Chiba, au Matsushima kule Sendai kwa treni ya mwendokasi. Nauli naijali, muda naujali zaidi. Na niseme mapema, goti langu la kushoto lina maneno yake. Waliofika nipeni ulinganisho, picha nimeshaona za kutosha.

Mkazi_Yokohama
Kamakura, mkuu. Kwa mtu aliyelala Shinagawa sioni hata ushindani. Unapanda treni ya Yokosuka hapohapo, hubadilishi popote, haifiki saa moja umeshuka, na nauli haifiki yen 1,000.

Ila usishukie Kamakura kama wanavyofanya wengi. Shuka stesheni moja kabla, Kita-Kamakura. Hekalu la Engakuji liko pale pale, ukitoka tu stesheni unaliona lango. Lilianzishwa mwaka 1282 na Hojo Tokimune, mtawala aliyewakabili Wamongolia walipokuja kwa merikebu mara mbili, 1274 na 1281. Akalijenga waombewe waliokufa vitani, wa kwake na wa adui pamoja. Reli ilipokuja karne ya 19 ikapitishwa ndani ya kiwanja cha hekalu, kwa hiyo mpaka leo treni hukatiza katikati ya bwawa na ngazi za lango. Mimi hapo hukaa zaidi kuliko panapotajwa kwenye vitabu vyote vya watalii.

Ukitoka hapo ni mwendo wa miguu, barabara ya lami, mpaka Kenchoji (1253), halafu unateremkia Tsurugaoka Hachimangu, hekalu la Kishinto ambalo Minamoto no Yoritomo alilihamishia pale mwaka 1180. Kwa mwendo huo unaingia mjini kutokea juu, na stesheni kuu ya Kamakura unaikuta mwishoni, wakati wa chakula cha mchana.

Kisha Enoden. Kitreni kifupi, reli ya kilomita 10 iliyoanza 1902, kinapita nyuma ya nyumba za watu karibu kiasi cha kuona nguo zilizoanikwa, na kuna kipande kinaingia barabarani pamoja na magari. Kaa upande wa kushoto, bahari iko huko. Stesheni ya Hase ndiyo ya Buddha Mkuu: sanamu ya shaba ya mita 11 na ushei, tani 121 hivi, kazi iliyoanza 1252. Zamani ilikuwa ndani ya jengo. Dhoruba za karne ya 14 zikalibomoa, na tangu karne ya 15 imekaa nje, jua lake mvua yake.

Chaza_Sendai
Shikamoo mkuu. Mimi ni mwanafunzi hapa Sendai, kwa hiyo ungetegemea nipigie debe Matsushima. Nitaisifia kwanza, halafu nikwambie usije.

Sifa: ghuba yenye visiwa vidogo zaidi ya 260, vingi ni jiwe tupu lenye misonobari juu. Hekalu la Zuiganji lilianza mwaka 828, na majengo ya sasa yalikamilishwa 1609 na Date Masamune, mtawala wa huku aliyekuwa na jicho moja. Ndani kuna milango ya karatasi iliyopakwa dhahabu na kuchorwa ndege na miti. Tsunami ya 2011 ilipokuja, visiwa vilipunguza nguvu ya maji, na mji ukaumia kidogo ukilinganisha na majirani zake. Lakini maji ya chumvi yalifika kwenye njia ya kuingilia hekaluni, mierezi mingi ikakauka ikabidi ikatwe. Anayeona picha za zamani za ile njia kisha akafika, hushangaa uwazi ule. Na chaza wa kuchoma wakati wa baridi, hapo sina la kuongeza, jina langu mnaliona.

Sasa hesabu. Treni ya mwendokasi, Hayabusa, kutoka Tokyo ni saa moja na nusu, nauli zaidi ya yen 11,000 kwenda tu, na viti vyote ni vya kukata mapema. Ukifika Sendai unachukua reli ya Senseki kama dakika 40. Shuka Matsushima-Kaigan, maana kuna stesheni nyingine inaitwa Matsushima tu, iko kwenye reli tofauti na mbali na hekalu. Kwenda na kurudi umekula karibu saa tano. Mji wenyewe unauzunguka nusu siku. Kwa siku moja ni fedha nyingi kwa muda mchache. Ukipata usiku mmoja wa kulala huku, hapo tutaongea mengine.

Kusi
Mnamhukumu Nokogiriyama bila kesi kusikilizwa.

Kamakura ni pazuri, sibishi, lakini mwisho wa Novemba majani yanageuka rangi na Jumamosi ile Enoden inapangiwa foleni nje ya stesheni. Nokogiriyama utapumua. Ni mlima wa mita 329 unaoangalia ghuba ya Tokyo, na ubavu wake ulikatwa mawe kwa miaka mingi, mawe yaliyokwenda kujengea Yokohama na Yokosuka. Zimebaki kuta zilizonyooka kama za ghorofa, na juu ya moja kuna mwamba uliochomoza hewani ambao watu hupanga mstari kwenda kuchungulia chini. Mwenye kizunguzungu asisogee.

Hekalu ni Nihonji, mwaka 725, yaani limeitangulia Kamakura yote anayoisimulia Mkazi. Na Buddha wake wa jiwe ni mita 31. Alichongwa karne ya 18 moja kwa moja kwenye mwamba, akaliwa na mvua na upepo, akatengenezwa upya 1969. Njiani kuna sanamu za wanafunzi wa Buddha zaidi ya 1,500, kila mmoja na sura yake, na nyingi zilikatwa vichwa enzi za Meiji, karne ya 19, dini ya Buddha ilipoandamwa. Vichwa vingine vimerudishwa, vingine havikai sawasawa. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko duka la aiskrimu la viazi vitamu pale Kamakura.

Treni: reli ya Uchibo mpaka Hama-Kanaya, kama saa mbili toka Tokyo.

Mkazi_Yokohama
Kusi, umemaliza? Mbona goti hukuligusa?

Kusi
Kuna kibanda cha kuning'inia kwenye waya kinachopandisha mpaka karibu na kilele.

Mkazi_Yokohama
Kinampandisha, ndiyo. Buddha yuko chini kwa upande wa pili, kwa ngazi. Akishamwona inabidi azipande zilezile arudi kwenye kibanda, au ateremke mpaka stesheni ya Hota. Ngazi za lile hekalu zote pamoja zinapita 2,000. Na ile Uchibo ikishafika huko chini inapita kama mara moja kwa saa. Ukiikosa kwa dakika mbili unakaa jukwaani unahesabu mwewe.

Kusi
Hayo ni kweli. Basi nimpe msomaji mwingine mwenye magoti mazima njia ambayo nadhani ni nzuri kuliko zote hizi tatu. Asubuhi nenda Nokogiriyama kwa treni. Ukishuka mlimani tembea mpaka bandari ya Kanaya, panda feri uvuke ghuba mpaka Kurihama, dakika 40. Kutoka bandarini unachukua basi hadi stesheni, na Kurihama ndiko reli ya Yokosuka inakoanzia, kwa hiyo unarudi Tokyo kwa kupitia Kamakura. Umeuzunguka mlango wa ghuba bila kurudia njia. Upepo ukichafuka feri haiondoki, uliza asubuhi kabla hujapanda treni.

Bi_Visiwani
Mimi nimekwenda kutembelea mtoto wangu anayefanya kazi Osaka, basi nina neno. Nashangaa hakuna aliyetaja Miyajima, kile kisiwa cha Hiroshima chenye lango jekundu la hekalu baharini. Najua ni mbali na Tokyo, treni ya mwendokasi mpaka Hiroshima ni kama saa nne. Lakini mtu akiwa Osaka ni saa moja na nusu tu, kisha treni ya kawaida nusu saa mpaka Miyajimaguchi na feri dakika 10. Na sisi watu wa pwani ndio tunaopaelewa, maana pale kila kitu ni maji kujaa na kupwa. Lango lile jekundu, lililosimamishwa 1875, lina mita 16 na zaidi na halikuchimbiwa chini, limesimama kwa uzito wake. Maji yakijaa linaelea. Yakipwa unatembea kwa miguu mpaka chini yake, na siku za bamvua nchi kavu inakwenda mbali kabisa. Watalii hufika saa yoyote kisha wakalalamika hawakuona walichokiona kwenye picha. Tazama jedwali la maji kwanza, kama wavuvi wetu. Maji yakipita kipimo cha sentimita 250 limeelea, yakishuka chini ya 100 unaweza kulifikia.

Kwako wewe kaka wa Tanga, nenda Kamakura Ijumaa. Kama wasali, msikiti mkubwa wa Tokyo Camii uko Yoyogi-Uehara. Lakini ukitaka kuwahi sala ya Ijumaa pale siku yako inakatika katikati, na wewe ni msafiri, unayo ruhusa ya Adhuhuri na kupunguza. Chakula: samaki wapo kila mahali, ila mchuzi wao mara nyingi hutiwa mirin, na mirin ni pombe ya mchele. Uliza kabla, au agiza samaki wa kuchoma kwa chumvi.

Msafiri_Tanga
Ahsanteni sana, dada yangu Bi_Visiwani nimekusikia. Ni Ijumaa, Kamakura, naanzia Kita-Kamakura. Matsushima nimeiweka akiba ya safari yenye usiku wa kulala. Kusi, usinune, kijana wangu ndiye nitamtuma Nokogiriyama.

Swali la mwisho: Enoshima ina maana yoyote kwa mwenye goti? Na nikimaliza nirudie njia ileile?

Mkazi_Yokohama
Enoshima ni kilima chenye ngazi. Kuna ngazi za umeme za kulipia, tatizo ni kwamba zinapandisha tu, kushuka ni miguu yako, na goti bovu huumia zaidi wakati wa kushuka. Mapango yako upande wa nyuma, chini kabisa. Ningekuwa wewe ningeishia ng'ambo, bila kuvuka kwenda kisiwani.

Kumbuka jua la Novemba mwishoni linazama saa kumi na nusu, na mahekalu hufunga kati ya saa kumi na kumi na moja. Kwa hiyo uwe kwa Buddha ikifika saa nane, uongeze hekalu la Hasedera lililo jirani (sanamu ya mbao ya Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibuddha, mita 9 na ushei, na uwanda wa kutazama ghuba), halafu saa kumi kasoro upande Enoden mpaka Inamuragasaki, ufukweni. Hewa ya majira yale ikiwa safi unaona mlima Fuji ng'ambo ya maji, na jua linazamia upande huohuo. Hapo hakuna ngazi za kukutesa.

Usirudi kwa njia ileile. Endelea na Enoden mpaka mwisho, Fujisawa, panda reli ya Tokaido, nayo inasimama Shinagawa.

Ukila ufukweni kaa chini ya paa. Mwewe wa pale wanashuka kwa nyuma na kuchukua mkate mkononi, na mabango ya kuwaonya watu yapo.

Chaza_Sendai
Na dagaa wabichi usiwakose. Wanawekwa juu ya wali mweupe. Uvuvi wao unasimamishwa kuanzia Januari mpaka Machi, Novemba bado wapo. Asubuhi bahari ikichafuka mashua hazitoki, basi mkahawani utakuta waliochemshwa tu.