Bogenvilia ina majani tu, maua hakuna. Shida ni nini?

mwenye_geti_lanet:
Wadau wa maua habari zenu. Niko huku Lanet, Nakuru, nina bogenvilia mbili kwa geti moja kila upande, nasari nilizitoa zikiwa na maua ya zambarau hadi nikazipenda, lakini tangu ziingie ardhini ni kupanda juu tu, matawi marefu ya miiba, majani yanang'aa, maua ziro. Ya kulia iko karibu na karo la nguo na maji yote humwagwa hapo, ya kushoto iko chini ya jakaranda ya jirani. Samadi ya kuku nimeweka ya kutosha na juzi nikaongeza fatalaiza ya CAN. Sasa mbona zile za kando ya barabara, ambazo hata hakuna mtu huzimwagilia, zimejaa maua hadi majani huyaoni? Ama nimeuziwa ya kiume? Nisaidieni kabla sijang'oa nipande fensi ya kayaba.

mchanga_na_kokoto:
Mkuu using'oe. Mambo ya kiume na kike ni ya papai, hapa hakuna. Hiyo mimea imeshiba tu. Samadi ya kuku na CAN zote zinaleta nitrojeni na nitrojeni kazi yake ni majani, kwa hivyo fatalaiza wacha kabisa kwa sasa. Halafu maji. Hii kitu asili yake ni Amerika ya Kusini, Brazil na majirani zake, imezoea kiangazi. Nchi za mbali na ikweta mchana ukifupika ndio inashtuka itoe maua, lakini sisi mchana ni kama masaa 12 mwaka mzima, kwa hivyo cha kuishtua ni ukame, na hiyo yako ya kulia haijawahi kuonja ukame hata siku moja. Hamisha maji usihamishe mmea, ju mizizi yake haipendi kusumbuliwa, chimba kamtaro maji ya karo yaende kwa ndizi. Ngoja mchanga ukauke na majani yaanze kulegea kidogo, hapo mwagilia mara moja vizuri iingie chini, kisha uinyime tena. Ya kushoto ni jua inakosa. Inataka masaa 6 hivi ya jua kali kila siku, bila hiyo utangoja sana.

shosh_wa_maua:
Kata hadi magotini mwanangu! Maua hutokea kwa machipukizi mapya.

mchanga_na_kokoto:
Shosh kwa heshima, magotini saa hii hapana. Ukikata sana sasa itatoa majani mengine tu ju chakula bado kiko kwa mchanga. Apunguze ncha za yale matawi marefu, ile kata kubwa angoje maua yaishe na mvua ianze. Na asiinyoe kila mara kama fensi ya kayaba, atakuwa anakata maua kabla hayajafunguka.

nyakach_green:
Mko na bahati nyinyi wa Nakuru, mchanga wenu wa volkano maji yanapita. Huku Kisumu upande wa Kano ni udongo mweusi, mvua ikipiga maji yanasimama na mizizi inaoza, kwa hivyo mimi hupanda juu ya tuta na kokoto chini. Ama kwa ndoo kuukuu imetobolewa, mizizi ikibanana ndio inachanua vizuri. Kama unataka zingine usinunue, kata kijiti kilichokomaa unene wa penseli, chomeka kwa mchanga wa mto, weka kivulini na usiloweshe sana. Na ukiona hiyo rangi sio maua yenyewe, ni majani, ua ni kale kadogo keupe katikati, ndio maana rangi inakaa wiki nyingi.

mwenye_geti_lanet:
Asanteni sana. Mtaro nitachimba. Shida ni jirani, hataki hata tawi moja la jakaranda liguswe. Mtu ananiambia niweke oleanda hapo kushoto, mnaonaje?

shosh_wa_maua:
Una mbuzi? Una watoto wadogo? Oleanda ni sumu yote, majani, maua hadi kijiti, na pia inataka jua. Weka plambago, ile ya buluu. Inavumilia kivuli kidogo na kiangazi haiogopi, ingawa kwa jua ingechanua zaidi. Kuja na kisu nikupe vijiti, niko Free Area, hapa Nakuru. Na hiyo ya kulia bado nasema magotini.