Kukata ubongo wa panya: utafiti au ukatili?

Kisiki: Wakuu, kuna mwanasaikolojia Mmarekani Karl Lashley, katika miaka ya 1920 na 1930 alifundisha panya kuchagua kati ya kadi mbili. Panya anaruka: akipatia, kadi inaanguka, anakuta chakula. Akikosea, kadi imekazwa, anagonga pua na kudondokea wavuni. Akishaelewa, anakatwa gamba la ubongo la nyuma, panapohusika na kuona, kisha mtihani unarudiwa. Utafiti au ukatili?

Binti Mikindani: Ukatili. Tena alisaka kumbukumbu inapokaa, na 1950 akaandika mwenyewe kwamba hakupaona.

Daktari wa Jioni: Hakutoka kapa, dada. Panya waliotolewa gamba lote la kuona walisahau kutofautisha mwanga na giza, ila wakifundishwa upya wanashika, kwa mazoezi karibu yaleyale ya mwanzo. Kilichowapotea kabisa ni maumbo. Na akibakiziwa kipande kidogo tu cha gamba hilo, kama moja ya hamsini, maumbo anayatambua.

Binti Mikindani: Dada yako nani?

Mzee Fitina: Wa Mikindani anatetea panya! Kusini si mboga hiyo?

Binti Mikindani: Tunakula, ndiyo. Panya wa shamba, ananaswa, anabanikwa, kwisha. Hatumfungui kichwa halafu tukamrudisha darasani.

Daktari wa Jioni: Alipewa dawa ya usingizi.

Binti Mikindani: Na pua iliyogonga kadi, ilipewa?

Nukta: Tatizo la Lashley ni jaribio lake lingine, la panya kutafuta njia kwenye vichochoro: alidai kwamba muhimu ni ukubwa wa jeraha la ubongo, si mahali lilipo. Mwenzake, Hunter kama sikosei, alimjibu: mle panya anatumia macho, pua na sharubu. Ukikata pengi unamnyang'anya vingi.

Mluguru Halisi: Pua! Njooni chuo cha SUA Morogoro muone panya buku wa APOPO, shirika linalowafundisha kunusa. Macho hafifu, ila ananusa mabomu ya ardhini na TB kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu Uingereza 2020, hakukatwa popote.

Mzee Fitina: Shirika la Wabelgiji, mabomu ya Kambodia, medali ya Waingereza. Cha kwetu hapo nini?

Mluguru Halisi: Panya!

Kisiki: Jamani, swali langu...

Mzee Fitina: Kwani buku naye analiwa?

Binti Mikindani: Wewe tulia, utakula maneno yako kwanza.