Tunauza nyumba ya marehemu mama, sasa mtu tusiyemjua anajua mambo yetu kibao

Kitindamimba

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri na naomba msinihukumu maana majonzi bado hayajaisha. Mama katutoka miezi minne iliyopita, baba alishatangulia zamani, tukakubaliana watoto wote watatu tuuze nyumba. Kaka mkubwa akapita na simu yake akapiga picha kila chumba hadi chumbani kwa mama, akazirusha mtandaoni na namba ya dada, na chini akaandika "nyumba ya marehemu mama yetu, haina mtu, mnaweza kuja kuiona muda wowote". Hakuna aliyeona tatizo, hata mimi.

Juzi dada kapigiwa simu na mtu anasema anatoka benki ya mama. Kamtaja mama majina yake yote, kataja na tarehe ya kuzaliwa, katoa pole kwa upole kabisa, halafu akaomba namba za siri zilizoingia kwenye simu ya mama eti ili wafunge akaunti. Dada alikuwa anampa, kilichomwokoa ni kwamba simu ya mama ninayo mimi. Usiku nikazifungua zile picha nikazikuza, jamani nilitetemeka. Ukutani cheti cha kustaafu kwenye fremu, mezani barua ya benki iko wazi, kwenye kabati la kitandani chupa za dawa zina jina lake, na kalenda imeandikwa siku za kliniki kwa mwandiko wake mwenyewe. Tarehe ya kuzaliwa tuliiweka wenyewe kwenye tangazo la msiba. Yaani tumemwanika mama. Nianzie wapi, na kuna nini kingine ambacho sijakiona?

Mama_Wawili

Pole sana mdogo wangu, na kaka yako msimlaumu, mtu aliyefiwa haoni barua iliyoko mezani, anaona kiti cha mama yake.

Leo hii ondoeni hilo tangazo mtandaoni, msisubiri kesho, na waombeni ndugu walioshea kwenye magrupu nao wafute. Halafu nendeni benki wenyewe kwa miguu na cheti cha kifo, msiipigie ile namba iliyowapigia. Waambieni kuna mtu anajaribu kuingia ili wazuie akaunti. Na kitu ambacho wengi wanakosea, laini ya simu ya mama msiiache ife. Laini isipotumika muda mrefu kampuni huwa inaichukua na kuigawa kwa mtu mwingine, na huyo mtu ndiye atakayepokea namba za siri za akaunti zote ambazo hamjazifunga. Weka salio kidogo, iwashe, fungeni akaunti moja moja, laini iwe ya mwisho.

Msemakweli77

Mi naona mnakuza mambo. Marehemu ataibiwa nini tena? Uzeni nyumba mgawane maisha yaendelee.

Fundi_Kompyuta

@Msemakweli77 hapana ndugu yangu. Jina la marehemu linatumika kuomba mkopo au kufungua akaunti, na hakuna wa kulalamika mapema kwa sababu mwenyewe hayupo, familia inakuja kushtuka madeni yakigonga hodi.

@Kitindamimba picha zina zaidi ya hayo uliyoyaona. Angalia funguo zinazoning'inia, ufunguo unaweza kuchongwa kutokana na picha tu ikiwa inaonekana vizuri. Angalia vioo na skrini ya TV kama kuna sura ya mtu au kitu kimejiakisi, angalia kile kistika cha nyuma ya rauta maana pasiwedi ya waifai mara nyingi imechapwa pale. Picha ya simu pia inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, WhatsApp ukiituma kama picha ya kawaida hayo yanaondolewa, ila ukituma kama dokumenti yanaenda nayo yote.

Na kama mnagawa kompyuta ya mama au simu zake za zamani, kufuta mafaili siyo kufuta. Mara nyingi yanabaki hadi yaandikwe juu yake, na mtu mwenye programu ya bure anaweza kuyarudisha. Kompyuta toa diski ukae nayo wewe, ndio njia rahisi kuliko zote. Simu toa memori kadi na laini, toka kwenye akaunti, ndio uirudishe ilivyotoka kiwandani, lakini kwanza hamisha picha na sauti za mama. Hili nalisema kwa uchungu, nimeletewa simu nyingi na watu wanaolia wakitaka sauti ya mzazi na mimi sina cha kuwasaidia.

Jirani_Mpya

Mimi niko upande wa pili, nilinunua nyumba ya familia iliyofiwa na baba. Walituachia kabati kubwa kwa wema tu. Droo ya chini ilikuwa na majibu yake ya hospitali ya miaka mingi na barua za mkewe. Niliposoma mstari wa kwanza nikaona siyo haki yangu, nikafunga kwenye mfuko nikawapigia. Yule binti alipokuja kuchukua alikaa kwenye ngazi kama nusu saa hajasema neno, kumbe ugonjwa wenyewe walikuwa hawaujui.

Lingine ni kamera ya getini. Tulikaa wiki kadhaa kabla kijana wao hajatupigia kwa aibu kubwa kutuambia kwamba apu bado iko kwenye simu yake na anatuona sisi na watoto tukiingia na kutoka. Hakuwa na nia mbaya. Kwa hiyo vifaa vyote vya hivyo viondoeni kwenye akaunti zenu kabla ya kukabidhi funguo, na pekueni mifuko ya nguo, katikati ya vitabu, chini ya magodoro, kila droo itoe kabisa uangalie na nyuma yake.

Dalali_Mzoefu

Naongezea kwa upande wa kazi yangu. Kwenye tangazo msiandike marehemu wala haina mtu. Andikeni vyumba, ukubwa wa kiwanja, basi. Mteja akitaka kuja achukuliwe jina na namba kwanza, na siku hiyo muwe wawili, msikae wote sebuleni huku mtu wa upande wa mnunuzi yuko chumbani peke yake. Vitambulisho vya warithi na hati ya nyumba usimtumie mtu anayesema tu ana nia ya kununua. Ikilazimu kutoa kopi, chora mistari miwili kukatiza katikati uandike ni kwa ajili ya mauzo ya nyumba hii tu, jina la unayempa na tarehe, maandishi yapite juu ya picha na namba ili isitumike kwingine. Na mkishauza ombeni picha ziondolewe, huwa zinabaki mtandaoni miaka na mnunuzi naye ana haki ya kutojulikana chumba chake kikoje.

Kitindamimba

Asanteni sana, nimesoma yote nikamsomea na dada. Tangazo tumeliondoa jana usiku. Kaka alipoona ile kalenda nilivyoikuza alinyamaza, baadaye akaniambia aliipiga makusudi kwa sababu ya mwandiko wa mama. Nimeitoa ukutani nimempa akae nayo. Kesho asubuhi tunaenda benki wote watatu, simu ya mama nimeiweka chaji. @Fundi_Kompyuta kuna sauti zake za WhatsApp nyingi sana, naweza kuzihamishaje zote kwa pamoja?