Tunalipa ada ya taka kila mwezi, tunatenganisha plastiki, halafu gari linachanganya zote!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Leo asubuhi gari la taka limepita mtaani kwetu, huku bondeni karibu na Mto Msimbazi, baada ya siku 19. Siku kumi na tisa! Na ada nalipa, 5,000 kila mwezi, stakabadhi ninazo zote tangu Januari. Nikatoa viroba vitatu: kimoja vikopo vya mtindi vilivyooshwa, kingine pakiti na mifuko laini, cha tatu maganda na mabaki ya jikoni. Kijana wa gari akavimwaga vyote pamoja juu ya pampasi za watu, akanirudishia viroba vitupu. Nikamuuliza mbona hivyo?

"Mama, vyote vinaenda Pugu."

Miezi minane wanangu wanaosha vikopo kwa maji ya kununua ndoo, kumbe tunaoshea dampo!

Nani mwingine atavichukua? Mnunuzi wa chakavu mwenye guta, anayepita na mizani, anataka chupa za maji zinazong'aa na madumu magumu. Chupa za rangi anachukua kwa kunung'unika. Pakiti za sabuni, biskuti na viungo hata bure hataki kuziona, maana nyingi ni tabaka za plastiki na foili zilizogandishwa pamoja, hakuna kiwanda cha hapa jirani kinachozihangaikia. Na ndizo zinazojaza ndoo yangu! Sisi wa kipato cha siku tunanunua kidogokidogo, kila kidogo na pakiti yake. Mafuta ya kula Mangi wa dukani ananipimia kwenye chupa yangu mwenyewe. Sabuni ya unga nayo ingepimwa hivyo, ningeshapunguza nusu ya taka zangu.

Mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 nilishangilia, na mitaro ya huku kweli ilipumua. Lakini marufuku ile iligusa mfuko wa kubebea tu. Vifungashio vya viwandani vikabaki palepale, na mwenye kiwanda haulizwi pakiti yake inaishia wapi. Ninayeulizwa ni mimi, maana ukiweka taka nje siku gari lisipokuja, mgambo anakuja na faini.

Kwa hiyo jirani anachoma. Kila jioni, nyuma ya choo chake, moshi mweusi unaingia moja kwa moja dirishani kwa mwanangu mwenye pumu. Nimemfuata mara mbili. Kanijibu, "Jirani, nizipeleke wapi?" Sikuwa na jibu. Wengine wanawashia jiko la mkaa, kile kipande cha plastiki kinadondosha matone ya moto juu ya mkaa, dakika chache baadaye sufuria ya uji wa mtoto imeshabandikwa hapohapo. Wengine wanasubiri mvua wamwage mtaroni, maji yakija yanaturudishia sebuleni.

Jumapili kuna kikao cha mtaa. Naenda na stakabadhi zangu nane, nataka niambiwe mbele ya watu hiyo ada inalipia nini, na ratiba ya gari ibandikwe ukutani.

Na kama kuna mtu humu anamjua mnunuzi wa vikopo vya mtindi upande wa Ilala, hata kwa bei ya kutupa, aniambie. Vingine bado vimejaa uani, na vuli inakaribia.